Mita Sita na Arobaini, Marinda Yamo

Kwa heshima na taadhima, majirani wa karibu na wa mbali, wenye nyumba na wapangaji, mnaopenda jua na mnaolikimbia, mnaarifiwa kwamba mtu aliyekula kwa kazi ya kuziba madirisha ya wenzake miaka ishirini na sita ameamua, akiwa na akili zake timamu kwa kiasi chake, kuweka kioo nyuma ya nyumba yake. Si kioo cha dirisha. Ni ukuta mzima wa kioo, kuanzia sakafuni hadi juu, unaokunjika na kusukumwa pembeni kwa kidole kimoja. Mwenye pingamizi aje na sababu zake. Mwenye kicheko ajikaze.

Mtu mwenyewe anaitwa Mapazia. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye vyeti, limetulia, halisumbuliwi na mtu. Ni mrefu, mwembamba, na utepe wa kupimia huning'inia shingoni mwake hata anapokwenda benki. Kazi yake ni kupima madirisha, kusifu sebule za watu hata zile zisizosifika, kuandika vipimo, kisha kurudi na pazia na kulitundika. Kushona si kazi yake. Kushona ni kazi ya mkewe.

"Kampuni yetu ina watu wawili," huwaambia wateja. "Mmoja anafanya kazi, mwingine anaongea. Mimi ndiye ninayeongea."

Mteja hucheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Kila pazia walilowahi kuuza lilipita mikononi mwa yule mama, kwenye cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, iliyowekwa kwenye korido baina ya jiko na chumba cha kulala, chini ya taa ndefu iliyokuwa ikikonyeza kama inataka kusema siri.

Macho ya mama huyu yalianza kugoma mwaka uliopita. Kwanza ilikuwa uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, halafu ikawa uzi wowote kwenye kitambaa chochote. Daktari wa macho alimpa miwani, akampa na maneno: mwanga uwe wa kutosha, utoke juu, upite nyuma ya bega la kushoto, usimkabili usoni. Mke aliyaleta maneno hayo nyumbani yote, bila kupunguza hata moja. Mapazia akasikia "mwanga wa kutosha", akaridhika, akaondoka na hayo.

"Basi tujenge chumba huku nyuma," akasema. "Chumba chako cha kazi. Mimi nitasimamia."

"Utasimamia nini?"

"Mwanga."

Mkewe akamtazama juu ya miwani. "Sikiliza, baba watoto. Chumba nakitaka. Lakini nimeshaongea na mdogo wangu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao atakuja na gari. Ikifika siku hiyo bado nalitafuta tundu la sindano kwa kupapasa, cherehani aichukue. Sitaki kushona pindo limepinda, halafu wateja wanisifie kwa kunionea huruma."

Alisema hivyo huku anakunja kitambaa, kwa sauti ile ile ya kusema chumvi imekwisha. Ndiyo maana Mapazia aliogopa. Mkewe akipaza sauti, jambo lina mjadala. Akiongea kama wa chumvi, limepita.

Mdogo wake, yaani shemeji, alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na kwa miaka kumi alikuwa akiitazama ile cherehani kama paka anavyotazama jiko la jirani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na kawaida ya kuja kumsalimia dada yake, na akishamsalimia dada, anaisalimia cherehani: anaipapasa, anaizungusha gurudumu, anaidondoshea mafuta bila kuombwa.

"Shemeji," Mapazia alimwambia siku moja, "ukimaliza hapo, na mimi nina goti linalia."

"Goti lako halishoni, shemeji."

Sasa, mtu mwenye mke anayehitaji mwanga angekwenda kumuuliza mke mwanga huo auweke wapi. Mapazia hakwenda huko, kwa sababu alikuwa ameshapenda. Mwezi mmoja kabla, aliitwa kupima nyumbani kwa wakili mmoja. Akafika, akakuta sebule nusu yake ni kioo. Wakili akanyoosha kidole kimoja, tena kile kidogo, akasukuma. Ukuta ukajikunja vipande vipande, ukaenda kusimama pembeni kama wanafunzi walioitwa na mwalimu mkuu. Bustani ikaingia ndani. Mapazia akabaki ameshika utepe, mdomo wazi, akiwa amekuja rasmi kuufunika uzuri ule kwa kitambaa cha kijivu.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alikula akifikiria bawaba. Mkewe akisema "mwanga", yeye anaona kile kidole cha wakili.

Alianzia kwenye duka kubwa la milango, lile lenye ubaridi na sakafu inayokuonyesha nyayo zako. Muuzaji alikuwa na tai nyembamba na tabasamu pana.

"Karibu sana, mzee. Hapa kwetu hatuuzi milango. Tunauza uhusiano wa ndani na nje."

"Uhusiano huo kwangu upo," Mapazia akamjibu. "Mvua ikinyesha, ya nje inaingia ndani."

Muuzaji akacheka kwa adabu, akaanza kumuonyesha. Vipande vitatu, vipande vinne, vipande sita. Vinavyokunjikia ndani na vinavyokunjikia nje. Kioo cheupe, kioo cha moshi, kioo ambacho ukiwa nje huoni kitu ila nywele zako mwenyewe. Rangi ya fremu: nyeusi ya mkaa, nyeusi ya usiku, nyeusi ya kawaida. Mapazia alisimama mbele ya zile nyeusi tatu dakika kumi nzima, akizigeuza kichwani, yeye anayewacheka wateja wake wanaposhindwa kuchagua baina ya nyeupe ya maziwa na nyeupe ya malai. Mwisho akauliza kwa unyenyekevu ipi ndiyo nyeusi zaidi.

"Inategemea unataka kujisikiaje, mzee."

"Nataka kujisikia kama wakili."

Muuzaji akamuonyesha na madirisha ya paa, yaliyopangwa juu kwenye paa la mfano. Mwanga ulishuka pale ukakaa sakafuni, mpana, umetulia, hauna kivuli. Ungemfunza mtu jambo kama angekuwa anafundishika. Mapazia aliinua kichwa, akakishusha. Bei ya duka lile nayo ilimshusha, akatoka mlangoni. Mlango wa duka lenyewe ulikuwa wa kawaida, wa kuvuta.

Ndipo akaenda kwa fundi wa vioo, karakana iliyo nyuma ya soko, ambako vumbi la alumini linang'aa chini kama samaki wamepaliwa magamba. Fundi alikuwa mama wa makamo, penseli imechomekwa kwenye kilemba, na sauti ya mtu asiyelipwa kwa maneno.

"Mlango wa kukunja," akasema. "Vipande vingapi?"

"Kama vya wakili."

"Wakili simjui. Kizingiti unataka kipi? Cha kulala sawa na sakafu ni kizuri kwa macho. Cha kuinuka kidogo ni kizuri kwa mvua."

"Wakili alikuwa na cha kulala."

"Na mbele ya mlango wake kulikuwa na nini?"

"Baraza lenye paa."

"Kwako mbele kuna nini?"

Mapazia akafikiri. "Mvua."

"Tunaweka cha kuinuka." Akaandika. "Na juu?"

"Juu kuna bati, namshukuru Mungu."

"Nauliza dirisha la paa. Umesema ni chumba cha kushonea. Mshonaji anataka mwanga wa juu. Dirisha moja la paa linashinda matatu ya ukutani."

Hapo Mapazia akasimama wima, akatoa hotuba. Kwamba yeye tangu azaliwe anaomba paa lisitoboke, leo alitoboe kwa hiari na msumeno wa kukodi? Kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuona dirisha lililowekwa mahali ambapo huwezi kulitundikia pazia, na dirisha la namna hiyo kwake yeye ni sawa na tusi. Kwamba mlango wake utakuwa na kioo cha kutosha kuwasha mwanga mtaa mzima. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akalikata dirisha la paa kwenye karatasi yake kwa penseli, mstari mmoja.

"Sawa. Jumanne nitakuja kupima."

"Kupima?" Mapazia akashika utepe ulioko shingoni, kama mtu aliyeguswa mahali pake. "Fundi, mimi na wewe ni mafundi. Nimepima madirisha ya mahakimu. Nimepima madirisha ya hospitali, mia moja na nne, bila kurudia. Leo nije nipimiwe dirisha langu nyumbani kwangu, mke wangu anaangalia?"

"Huwa napima mwenyewe."

"Nitakuletea kipimo kwa mwandiko wangu na sahihi yangu."

Fundi akautazama ule utepe, akamtazama na mwenye utepe. "Lete na sahihi," akasema.

Chumba kilikuwa kimeshasimama. Fundi mwashi alijenga kuta, akapaua, akaacha uwazi wa mlango nyuma: mita tatu na sentimita ishirini, kipimo kisicho na ubishi. Mapazia akaja na ngazi, kalamu sikioni, mkewe akiwa ameegemea mlango wa jiko, shemeji akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa shemeji hakosi penye kazi ya mtu mwingine. Akapima mara moja. Akapima mara ya pili, kwa ajili ya watazamaji.

Hapa inabidi tuingie mkononi mwa Mapazia, maana kichwa hakikuhusika. Pazia likiwa na upana sawa na dirisha, hukaa kama shuka iliyoanikwa. Ili lijikunje vizuri, liwe na marinda, kitambaa lazima kiwe mara mbili ya upana. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yao. Mkono wa Mapazia umezidisha mara mbili asubuhi na jioni, umezidisha akiwa na homa, umezidisha akiwa anagombana na mteja. Watoto wake ni wawili. Siku moja hospitalini, aliyekuwa akijaza fomu alimuuliza ana watoto wangapi, akasema wanne, na mkewe akamgeukia taratibu sana.

Sasa aliwaza mlango, mlango unakunjika, na mkono ukashuka wenyewe ukaandika: "Upana 6.40, marinda yamo." Kwenye urefu aliokoka, kwa sababu fundi mwashi alikuwa ameuandika kwa chaki ukutani, naye akaunakili tu. Akapiga sahihi yenye mikia miwili.

"Umemaliza?" mkewe akauliza.

"Kazi ya fundi haichukui siku," akasema Mapazia, akajikunjia utepe wake shingoni kwa madaha.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, zikiwa zimebaki siku tano kufika Jumamosi ile, gari la fundi likaingia uani. Vijana wawili wakaanza kushusha vipande vya kioo, kimoja kimoja, wakiviegemeza ukutani. Mapazia alikuwa amevaa shati la kutokea. Alihesabu: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Akapangusa jasho la furaha. Vitano. Akatabasamu bado, kwa mazoea. Sita, saba, vinane.

Fundi akatoa utepe wake, akapima uwazi. Akapima tena. Akatoa karatasi mfukoni, akaisoma, akaikunja.

"Mzee wangu, huu ukuta umepungua?"

"Kuta hazipungui."

"Hazipungui kweli," akasema fundi. "Hapa ni mita tatu na ishirini. Wewe umeniandikia sita na arobaini."

Shemeji aliyekuwa amekaa kwenye ndoo yake akainuka polepole, kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi. "Hebu, mama, naomba niione hiyo karatasi." Akaisoma kimya, midomo ikicheza. Akaanza kutetemeka mabega. "Marinda yamo," akasema. "Dada, njoo usome. Mumeo ameushonea mlango marinda."

"Na mimi niliyaona hayo marinda," fundi akasema. "Nikadhani ni mambo yenu ya mapazia, nikaheshimu."

Mapazia alitamani kusema fundi amekosea. Alitafuta maneno, na maneno hayajawahi kumkosa, lakini kila alipotaka kufungua mdomo anaiona ile sahihi, na mikia yake miwili. Mkewe alikuja, akachukua karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akashindwa kuisoma. Akamrudishia mdogo wake.

"Vinne vinatosha?" akamuuliza fundi.

"Kwa uwazi huu, vinatosha sawasawa."

"Basi vifungwe vinne. Vingine viacheni hapo."

Akarudi jikoni. Mapazia angependa asemwe. Alikuwa ameshajiandalia hata matusi ya kujitukana ili amsaidie mkewe kuanza.

Jumanne jioni mlango ulikuwa umesimama. Lazima tuseme ukweli, ulikuwa mzuri. Mapazia alinyoosha kidole chake kidogo, akasukuma, na ukuta ukajikunja ukaenda pembeni, na pale ambapo kwa wakili paliingia bustani, kwake iliingia kamba ya kuanikia nguo na soksi zake mbili za kazi. Akafunga. Akafungua tena. Kwa dakika tatu hivi alikuwa wakili.

Halafu wakaingiza cherehani.

Wakaiweka ikitazama mlango. Jua la jioni likaja moja kwa moja usoni mwa mama, akafumba macho kama aliyepigwa tochi. Wakaigeuza, akaupa mlango mgongo. Kivuli chake mwenyewe kikamtangulia, kikakaa juu ya sindano. Wakaisogeza kushoto, mkono wa kushoto ukaziba. Wakaisogeza kulia, ikawa fremu ndiyo inayoziba, ile nyeusi ya mkaa iliyochaguliwa kwa dakika kumi. Mapazia alikuwa akiibeba cherehani upande mmoja, shemeji upande wa pili, na kila walipoiweka chini mama alilowesha uzi kwa ulimi, akanyoosha, akakosa. Mara ya saba akautoa uzi kabisa.

"Ulisema utoke wapi ule mwanga?" Mapazia akauliza kwa sauti ndogo. "Yule daktari."

"Juu, nyuma ya bega la kushoto. Nilikwambia siku ile ile niliyotoka hospitali."

"Nikasema nini?"

"Ukasema wakili ana mlango."

Shemeji hakucheka safari hii. Akajifanya anatafuta ndoo yake.

Mama akachukua kitambaa laini, akaanza kuifuta cherehani. Akaifuta gurudumu, akaifuta mkono, akaingiza ncha ya kitambaa kwenye vitundu vidogo ambavyo vumbi hujificha. Akatia mafuta tone moja moja. Akafungua droo yake ndogo, akatoa vifungo, vibobini vya uzi, kipande cha chaki, akavipanga kwenye bakuli. Alikuwa anaiandaa kama mtu anayemwogesha mtoto wa kusafiri. Mapazia alisimama kwenye uzuri wa mlango wake, akaelewa kwamba Jumamosi haikuwa tishio. Ilikuwa tarehe. Na kuanzia Jumamosi hiyo kampuni yao ingebaki na mtu mmoja, yule wa kuongea.

Jumatano asubuhi fundi alimkuta nje ya karakana, amekaa juu ya tofali, bila utepe shingoni.

"Umekuja kurudisha vioo vinne," fundi akasema.

"Nimekuja kutoboa paa."

Fundi akafungua kufuli. Mapazia akamfuata ndani, akaongea kwa mgongo wa yule mama. Akasema yote: maneno ya daktari, Jumamosi, uzi. Akasema na kuhusu hotuba yake ya siku ile. "Kile nilichosema juu ya tusi," akamalizia, "nakiondoa. Mimi ni mjinga mwenye utepe, fundi. Mjinga wa kawaida ana nafuu, anakisia, huenda akapatia."

"Usijipe sifa," fundi akasema. "Njoo nikuonyeshe."

Akamvutia turubai. Chini yake kulikuwa na madirisha mawili ya paa, mapya, fremu zake safi, karatasi ya kiwandani bado imegandamana kwenye kioo.

"Haya yalirudishwa na mteja. Aliagiza, nikamtengenezea, siku ya kuyafunga tukapanda juu. Tukakuta watu wanakunywa chai."

"Wapi?"

"Juu yake. Alikuwa na ghorofa juu yake. Amekaa pale miaka mitano."

Mapazia akayatazama yale madirisha, na kwa mara ya kwanza wiki ile akahisi hayuko peke yake duniani.

"Alikataa nisiende kupima," fundi akaongeza. "Tangu hapo nimeapa napima mwenyewe. Halafu ukaja wewe na mahakimu wako."

Wakakubaliana hapo hapo. Vipande vinne vya mlango havikatiki, kwa sababu kioo cha namna ile ukikikata kinasambaratika punje punje. Lakini kulikuwa na mama mmoja mwenye saluni aliyekuwa anajenga na hajapandisha ukuta wa mbele. Yeye angechukua vile vinne kama vilivyo, ukuta wake ungejengwa kuufuata mlango. Vioo vinne vitoke kwa Mapazia, madirisha mawili yaende kwake.

Alasiri ile fundi alikuja nyumbani. Hakumtafuta Mapazia. Alimtafuta mkewe.

"Dada, unakaa vipi ukishona? Kaa nione."

Mama akakaa. Fundi akazunguka nyuma yake.

"Mkono unaoongoza kitambaa?"

"Wa kushoto."

"Saa ngapi unaanza?"

"Watu wakishaondoka. Saa tatu hivi. Mpaka saa kumi."

Fundi akachora chaki sakafuni kuizunguka cherehani, akainua macho kwenye paa, akahesabu nafasi baina ya mbao za kenchi. "Moja pale. La pili pale, nyuma kidogo." Maswali matatu. Mapazia alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, akashangaa kwamba katika miezi miwili ya kuuliza weusi wa fremu, haya matatu hakuwahi kuyauliza.

Alhamisi msumeno ukapanda juu. Bati lilipoanza kulia, Mapazia aliingia chumba cha kulala akajifunika mto kichwani. Ijumaa waliweka fremu, wakazungushia bati jembamba la kuelekeza maji, wakapaka gundi ya kuziba. Fundi akapanda na ndoo nne za maji, akamimina moja baada ya nyingine juu ya kila dirisha, huku Mapazia akiwa chini, ameinua uso, kinywa wazi. Hakikudondoka kitu isipokuwa jasho lake mwenyewe.

Jumamosi saa tatu na nusu shemeji akafika na gari la kubebea na kamba begani. Akaingia, akasimama mlangoni.

Chumba kilikuwa kimejaa mwanga mpaka kwenye pembe. Ulishuka kutoka juu, ukapita kwenye bega la kushoto la dada yake, ukakaa mezani kama umepangishwa pale. Cherehani ilikuwa ndani ya duara la chaki. Mapazia amesimama kando ya ukuta, mikono nyuma, hapumui sana.

Mama alikuwa na kitambaa cheusi. Akachukua uzi mweusi. Akaulowesha, akaunyoosha, akaupeleka. Ukapita. Hakutazama mtu. Akaushusha mguu wa cherehani, akaanza kukanyaga, na ile sauti iliyokuwa imenyamaza wiki nzima ikaijaza nyumba.

"Dada," shemeji akasema, "nimefika."

"Nimekuona. Kaa."

"Nimekuja na kamba."

"Naiona. Upande wa kushoto fundo lake limelegea, usije ukafungia mzigo wa mtu ukamwangukia njiani."

Shemeji akaitazama kamba yake. Lilikuwa limelegea kweli. Akakaa kwenye ndoo, akasubiri dada amalize pindo. Dada akamaliza pindo, akaanza lingine. Baada ya pindo la tatu shemeji akaiweka kamba chini, akaomba chai.

Saa tano hivi fundi akaja na yule mama wa saluni kuchukua vioo vyake vinne. Mama wa saluni akaingia, akageuka huku na huku, akainua uso kwenye madirisha ya paa, akaushusha kwenye mlango, akaukunja, akaukunjua. Shemeji, ambaye hana cherehani lakini mdomo anao, akaona hapa pana hadithi ya kumlipia mafuta ya gari.

"Huyu bwana unayemuona, dada yangu, si mtu wa kawaida," akamwambia mama wa saluni. "Wengine huagiza mlango. Yeye aliagiza milango miwili, makusudi, anajua kabisa vioo vinapanda bei, anajua utatokea wewe na ukuta wako, anajua fundi ana madirisha yamefunikwa turubai. Amekaa kimya, ametuacha tumcheke wiki nzima. Kumbe yeye anaona mbele, huko tusikokuona sisi."

Fundi akatafuta penseli kwenye kilemba.

Mama wa saluni akamgeukia Mapazia kwa heshima, mikono ameifumbata. "Baba, na mimi ndiyo kwanza naanza kujenga. Hebu nisaidie. Uliwezaje kufikiria jambo kama hilo?"

Cherehani ikasimama. Mkewe alikuwa ameinua kichwa, miwani imeshuka puani, anamtazama waziwazi, macho kwa macho, kutoka ng'ambo ya chumba. Mapazia alikuwa na hotuba. Alikuwa nayo nzima, kuanzia mahakimu hadi hospitali, imejipanga ulimini, inasubiri tu kufunguliwa.

"Nilipima vibaya," akasema.